Uzoefu wangu na wiski za singo molti za Uskoti, kutoka kuchanganya na koka mpaka kuipenda Laphroaig

Nipo Glasgow mwaka wa tatu sasa hivi, na kama mwaka na nusu hivi nimekua najifunza kunywa hizi wiski za hapa zenye maandishi single malt kwenye lebo. Kwahiyo hii riviu ni ya mtu ambae bado anajifunza, ila nimeshatoa hela ya kutosha kwenye chupa ambazo sikuzielewa na naona bora niandike ili anaeanza asipite kulekule nilikopita mimi.

Bongo nilikua mtu wa Konyagi na soda, barafu mpaka juu, unakunywa fasta kabla haijapoa story, mambo ya kunusa glasi sikuwahi kuyafikiria kabisa. Basi kazini wakanipa zawadi Glenfiddich 12, nikafika nayo home nikafanya vilevile, koka nusu glasi na barafu, ikawa tamu tu kama kitu chochote kilichotiwa koka, nikawa najiuliza hawa watu wanalipa pauni 35 na kitu kwa ajili ya nini hasa. Ile chupa karibu yote imeishia hivyo na mpaka leo inaniuma.

Sasa kuna mzee jirani yangu anakaa ghorofa ya chini, kazaliwa kisiwa cha Islay, siku namsaidia kupandisha mizigo yake akanikaribisha ndani, akanimiminia kidogo sana, chini ya vidole viwili, nikataka kuibugia akanishika mkono akasema subiri. Tukakaa kama dakika kumi tunapiga stori glasi ipo mezani. Af akanambia nusa huku umeachama mdomo kidogo, usizamishe pua. Nikanusa mara ya kwanza pombe kali tu, mara ya pili pombe, mara ya tatu nikapata peasi, yaani peasi kabisa, zile za Lushoto zinazouzwa barabarani Mombo! Akaweka kijiko cha chai cha maji, sio barafu, maji ya kawaida, na harufu ikafunguka zaidi, akasema sasa kunywa kidogo uizungushe mdomoni kama unatafuna. Haikunichoma koo. Nikamuuliza hii ni gani, akanionyesha chupa, Glenfiddich 12, ileile niliyoimwagia koka.

Tangu siku ile nikaanza kufuatilia. Kumbe singo molti maana yake imetengenezwa kiwanda kimoja tu, kwa shayiri iliyooteshwa peke yake, wakaipika mara mbili kwenye vyungu vya shaba (wachache mara tatu, kama Auchentoshan hapa pembeni ya Glasgow), ikalala kwenye mapipa ya mwaloni hapahapa Uskoti sio chini ya miaka 3, na chupani kilevi hakishuki asilimia 40. Hiyo shayiri iliyooteshwa ndo kimea. Mi ni mtu wa Marangu, bibi yangu alikua anapika mbege, namkumbuka analoweka ulezi, anaufunika uchipue, anaanika, anasaga, kwahiyo niliposoma hatua za kwanza za wiski nilikua nazijua tayari toka niko mdogo, tofauti yao wao kile kinachochacha wanakichemsha wachukue mvuke, inatoka nyeupe kama maji na kali kinoma, af ya mwanzo na ya mwisho hawaziweki kwenye pipa, wanachukua ya katikati tu hizo nyingine zinarudi kupikwa upya.

Rangi na sehemu kubwa ya ladha inatoka kwenye pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski yao ya kule, iwekwe kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani, sasa wakishatoa yao mapipa yanauzwa, Waskoti wanayanunua, ndo unapata ile vanila na asali kwenye Glenmorangie. Mengine yanakua yamekaa divai ya sheri ya Hispania, hizo ndo zilinikamata miezi ya mwanzo. GlenDronach 12 kwangu ni chupa bora kabisa kumpa mtu anaeanza, zabibu kavu, keki ya Krismasi, karanga za kuoka kwa mbali, na asilimia 43 sio ya kutisha. Aberlour A'bunadh nayo ni ya sheri ila ile inatoka kwenye pipa bila kupunguzwa, inacheza kwenye 60, hiyo usiiguse bila maji, nimejaribu nikakaa siku nzima ulimi umekufa ganzi.

Tahadhari kwenye rangi, wanaruhusiwa kuweka karameli ya kukoleza, kwahiyo wiski nyeusi sio lazima iwe ya zamani wala nzuri zaidi. Hapo ndo nilipigwa. Kuna duka nilinunua chupa ina boksi la mbao, rangi ya kahawia nzito, muuzaji kaisifia mpaka basi, pauni 90, nimefika nyumbani hamna kitu, maji ya sukari iliyoungua, na haikuandikwa hata umri. Umri wenyewe pia usikuendeshe, namba kwenye chupa ni miaka ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, inakwambia imekaa kwenye pipa muda gani, haikwambii kama pipa lilikua zuri.

Sasa Laphroaig 10, wiski ya moshi ya kulekule Islay. Nilinunua kwasababu mzee wa chini anaipenda na ilikua ofa. Nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, siku hiyo nimetoka zamu ya masaa 12, nimefungua kizibo harufu ikanirudisha kazini moja kwa moja, aidini, bandeji, ile dawa ya kudekia korido, na moshi juu yake. Nilikunywa mara moja nikaifunga nikaiweka nyuma ya unga, ikakaa miezi minne. Kama na wewe ipo hivyo kabatini kwako usiigawe, iache tu ikusubiri.

Kilichonisogeza ni Talisker 10 ya kisiwa cha Skye. Ina moshi pia lakini wa mbali, kama jirani ndo anaekoka moto, na ina chumvichumvi ya bahari, af mwishoni kabisa pilipili manga inakugonga kooni. Asilimia 45.8. Hii ilinifundisha moshi unakaa pamoja na utamu, nikaanza kuutafuta wenyewe.

Mwezi wa tano nikapata siku tatu za likizo nikaenda Islay. Basi kutoka Glasgow mpaka Kennacraig, hapo unapanda meli kama masaa mawili mpaka Port Ellen, na kutoka Port Ellen kuna njia ya miguu pembeni ya barabara inapita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, vyote vitatu ndani ya kilometa kama tano, kuta nyeupe na majina makubwa meusi yanaangalia bahari. Ukienda na gari kuna viwanda vinamwekea dereva sehemu yake kwenye vichupa anywe akirudi nyumbani, nilipenda sana hilo.

Laphroaig bado wanaotesha sehemu ya shayiri yao wenyewe chini kwenye sakafu. Nimeingia mle nikasimama. Harufu ya nafaka mbichi inayochipua, unyevu, kama stoo ya bibi. Af wakatupeleka kwenye tanuru, wanachoma piti, ile mboji nyeusi ya kinamasi inakatwa kama matofali na kukaushwa, moshi wake unapanda unapita kwenye shayiri ikiwa bado na unyevu na ndo unaingia humohumo hautoki tena. Kwetu ukisema pombe ya moshi ni gongo, mtu anaangalia nyuma kabla hajakujibu, hawa pombe yao ya moshi watu wanapanda meli kuifuata. Nilishika kimea kilichotoka kwenye tanuru nikatafuna, kitamu kama biskuti, af moshi unakuja taratibu.

Niliporudi nikaitoa ile chupa nyuma ya unga. Toti moja, dakika kumi, kijiko cha maji. Dawa bado ipo, siwezi kukudanganya, ila sasa nyuma yake kuna vanila, kuna mwani wa baharini, kuna majivu ya jiko asubuhi, na utamu ule wa kimea nilichotafuna kule. Sasa hivi jioni ya baridi sitaki kitu kingine. Lagavulin 16 pia nimeinunua, ni zaidi ya pauni 70 na ni nzuri sana, moshi mzito kama chai iliyochemkia kwenye kuni, lakini kwa bei hiyo nanunua Laphroaig karibu mbili, na kwa mfuko wangu naichagua Laphroaig.

Ushauri kwa pesa ndogo, nunua kwanza vile vichupa vidogo vya sentilita 5, au nenda baa uagize toti moja ya kitu usichokijua, usinunue chupa nzima kwa maneno ya mtu hata yangu. Mi siku hizi ni toti moja, ikizidi mbili, na si kila siku, kwasababu ukishaanza kulewa pua inakufa na hamna unachokipata tena.

Halafu Laphroaig wana utaratibu, chupa ina namba, unajisajili unapewa futi moja ya mraba ya shamba lao pale Islay, na kodi wanayokulipa kwa mwaka ni toti moja, ukaichukue mwenyewe. Nimeshajisajili. Nimemwambia baba kwa simu kwamba nina kiwanja Uskoti, akauliza kina migomba, nikamwambia baba huku migomba haioti, ni kinamasi na upepo wa bahari tu. Mwezi wa tisa napanda tena ile meli, safari hii na mzee wa chini, nikachukue kodi yangu.