Kikagua tahajia na maneno ambatani: kinaona upande mmoja tu

Kikagua tahajia cha Kiswahili cha LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, ni cha bure, hakihitaji intaneti, na kwa herufi zilizorukwa au kupishana kinasaidia sana. Kwenye kuunganisha na kutenganisha maneno, kazi yake ni nusu.

Chanzo ni injini yake, Hunspell. Matini hukatwa kwenye kila nafasi, kisha injini hulinganisha kipande kimoja kimoja na orodha yake ya maneno. Andika "namimi" au "nikwamba": kama neno halimo kwenye orodha, linapigwa mstari mwekundu, na kwa kuwa injini hujaribu pia kulikata vipande viwili, "na mimi" inajitokeza kwenye mapendekezo. Hapo sina lawama.

Geuza kosa uone. "Mwana nchi" inapita, maana "mwana" ni neno na "nchi" ni neno. "Ana soma" inapita. Hata "tuta onana" inapita, kwa sababu tuta la shambani ni neno halali! Na haya ndiyo makosa yaliyojaa kwenye matangazo na barua za ofisini.

Kuongeza maneno kwenye orodha hakutibu. "Wana habari za ajali" na "Wanahabari wamefika" zote ni sahihi. Anayezitofautisha ni msomaji wa sentensi nzima.

Kwa hiyo, ukimaliza kukagua, bonyeza Ctrl+H, washa chaguo la "Regular expressions" (regex, yaani kutafuta kwa ruwaza badala ya neno kamili), kisha tafuta moja ya maneno haya likifuatwa na nafasi na neno jingine:

\b(mwana|wana|mfanya|wafanya) [a-z]+

Pitia tokeo moja moja. Usibadilishe yote kwa mkupuo, la sivyo "wana haki ya kulipwa" itaharibika. Makosa yasiyo na utata, kama "mwana nchi" na "mfanya kazi", yaweke kwenye jedwali la masahihisho ya papo hapo (AutoCorrect). Linakubali maneno yenye nafasi katikati.

Angalizo kwa wanaoongeza maneno kwenye kamusi binafsi: haijui ngeli. Ukiingiza "mwanaisimu", "wanaisimu" itaendelea kupigwa mstari mpaka nayo uiingize. Kwa maneno yanayoandikwa kwa namna mbili, kama "mpiga picha" na "mpigapicha", chagua moja kabla ya kuanza na uishikilie, kwa sababu pendekezo la kutenganisha si hukumu ya kisarufi. Ni injini tu imekuta vipande viwili inavyovifahamu.