Alamu ya nyumbani Mikindani: uliza kwanza gari la doria linalala wapi

Kwa wanaoulizia alamu za nyumbani huku kwetu kusini, mimi nimefunga kwa mama yangu Mikindani na ngoja niseme nilivyoona, maana mafundi wengi wanakuuzia king'ora, wakishapokea hela ndo basi tena. Mama anaishi na wajukuu zake, mimi msimu wa korosho nakuwa huko Newala na Masasi muda mrefu, na ndo kipindi hicho watu wana hela majumbani na wezi wanajua hilo. Kwahiyo swali langu kwa kila kampuni lilikuwa moja: ikilia saa nane usiku nani anakuja, na anatokea wapi?

Kampuni ya kwanza kontroli yao (ile ofisi inayopokea ishara alamu ikilia) iko Dar, kila kitu kiko kwenye apu, bei nzuri na yule kijana wa mauzo anaongea vizuri kabisa. Nikamuuliza gari mnalo Mtwara, akasema wanashirikiana na polisi. Sasa 112 si hata mama anaipiga mwenyewe, hiyo ada ya kila mwezi nalipia nini? Halafu mfumo wao wote unategemea intaneti. Mei 2024 mnakumbuka, kimbunga Hidaya kilipita, mafuriko yakaikata barabara ya Dar kule Somanga, Kilwa, magari yakakwama, na siku chache baadaye mikongo ya baharini ikapata hitilafu na intaneti ikasumbua nchi nzima. Wiki kama zile fundi wa Dar hafiki na apu haifunguki, mama yangu nimemuacha na nani? Nikawaaga.

Niliyoichukua ni kampuni yenye kituo Mtwara mjini, gari la doria linalala hapohapo mjini na toka pale mpaka Mikindani ni kama kilomita 10. Boksi lao linatumia laini ya simu ya kawaida, linapiga na kutuma meseji hata bando likiwa hakuna. Hapa kuna kitu watu hawaulizi: hiyo laini imesajiliwa kwa jina la nani? Ya kwangu nimeisajili mwenyewe kwa alama zangu za vidole, sababu ikiwa ya fundi na fundi akahama mji basi na alamu imehama naye. Swali la pili, laini ikiisha salio au mtandao ukikata, nyie kontroli mtajuaje? Wengine nikiwauliza hivyo wanaanza kuzunguka. Hawa wakaniambia boksi linatuma ishara kila baada ya masaa kadhaa kwamba liko hai, isipofika wanapiga simu nyumbani. Na kweli kuna siku mtandao ulisumbua mama akapigiwa, "Shikamoo mama, tunapiga kutoka kontroli, boksi lako hatulioni, hapo nyumbani kuko salama? Naomba neno la siri." Mama akalitaja, wakamuombea usiku mwema. Mimi nimeambiwa asubuhi, nilifurahi sana.

Umeme nao mnaujua wenyewe. Ndani ya boksi kuna betri ya volti 12, ampea-saa 7 (7Ah), ile ya maji yaliyofungwa kama za UPS. Usikubali neno la fundi, zima meni swichi jioni uiache alamu imetegwa mpaka asubuhi uone kama bado inafanya kazi, sisi tulifanya hivyo kabla sijamalizia hela. Joto la huku linazimaliza hizo betri mapema kwahiyo ulizia kabisa bei ya kubadilisha.

Sensa za ukutani ndo zilitusumbua mwanzoni. Zile haziangalii picha, zinahisi joto linalosogea, sasa mjusi akipita juu ya kile kioo chake yeye pale karibu anaonekana mkubwa kama mtu, king'ora kinalia majirani wote wanaamka. Yule fundi (kijana wa Chikongola, mtulivu sana) akaja akaihamisha toka juu ya taa maana taa inavuta wadudu na wadudu wanavuta mijusi, akaziba matundu ya waya kwa silikoni, ikatulia. Akanieleza pia stoo ya nyuma isiyo na silingi, mchana bati likichemka chumba kinakaribia joto la mwili wa mtu na sensa inakuwa nzito kuona, kwahiyo pale akaongeza sumaku ya mlangoni, ile inayojua mlango ukifunguliwa. Fundi anayekueleza vitu kama hivi bila kuulizwa mshike.

Mama anaamka kabla ya alfajiri, anafungua mlango wa uani akachukue udhu. Wakapanga usiku milango ya mbele na madirisha yawe yametegwa ila sensa za ndani zilale, na mlango wa uani una sekunde 30 za kubonyeza namba. Pia kuna namba nyingine ya kubonyeza kama mtu amekulazimisha uzime, inazima kimyakimya ila kontroli wanapata taarifa. Kitufe cha dharura kipo kitandani kwake.

Hicho kitufe tulikijaribu usiku, bila kuwaambia walinzi wa zamu, meneja tu ndo alijua. Gari lilifika dakika 25 na nikasema wazi sijaridhika, walipotelea njia ya juu kule mtaani. Meneja hakubishana, akamtuma dereva mchana apite njia yenyewe, wakaandika na namba ya nyumba ile ya anwani za makazi, na jaribio lililofuata ikawa dakika 14. Kwa Mikindani hiyo naikubali. Mwenyekiti wa mtaa nae tumempa taarifa, na jirani wa mkono wa kulia namba yake ipo kwenye boksi.

Malalamiko ninayo. King'ora cha nje kilianza kutu haraka kwa upepo wa chumvi, kilitakiwa kiwe na kava la plastiki toka mwanzo na nimelipia mimi. Mkataba nao unajirudia wenyewe mwaka ukiisha usipoandika barua mwezi mmoja kabla, hiyo wameiweka ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo na sijaipenda kabisa. Ada ni 60,000 kwa mwezi, ukichelewa wanakupigia kwanza hawakati hapohapo.

Wa Lindi mnaoniuliza, hii kampuni gari Lindi hawana, na toka Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, hata wakikwambia wanahudumia mikoa yote miwili mwambie akuonyeshe gari la Lindi limepaki wapi.