Thanjavur au Gangaikonda Cholapuram?

Ukiwa Tamil Nadu, kusini mwa India, na una siku moja tu, kila mtu atakutuma Thanjavur, na siwalaumu, hekalu la Shiva, mungu wa Kihindu, alilojenga mfalme Rajaraja wa kwanza lilikamilika 1010, mnara unapita mita 60, Nandi, yule fahali wa Shiva, kachongwa kwenye jiwe moja, afu liko mjini kabisa, bajaji tu umefika. Shida ni watu. Unataka kuomba kidogo, nyuma wanakusukuma.

Gangaikonda Cholapuram ni kama kilomita 70 kutoka hapo, kijijini kwelikweli. Hekalu la huku ni la mwanawe Rajaraja, Rajendra, mnara mfupi kidogo, mita 55 hivi, ila unajikunja taratibu ukipanda sio umenyooka kama wa baba (sijui alimwachia mzee heshima yake?). Pembeni ya ngazi za kaskazini tafuta sanamu ya Shiva anamzungushia mfuasi wake Chandesha maua kichwani, vile vidole vilivyo vipole utasahau ni jiwe, na hakuna wa kukuharakisha.

Kote viatu unavua, kwa hiyo beba soksi, mchana yale mawe yanaunguza balaa, na patakatifu hufungwa mchana, wahi asubuhi. Mimi ningeenda kwa mtoto.