Komiki za supahiro: ukiwa Arusha au Moshi nunua ipi kwanza, na ipi uachane nayo

Wadau wa Arusha na Moshi mnaouliza komiki gani ya supahiro umnunulie dogo au ujinunulie mwenyewe, mi nazipanga kwa kigezo kimoja tu: stori ianze na iishe humohumo kwenye kitabu ulichoshika. Umaarufu wa jina na michoro vinafuata baadaye. Watu wengi hawaachi komiki eti hawapendi kusoma, wanaacha kwa sababu wametoa hela yao alafu ukurasa wa tatu wanakutana na mtu aliyekufa kwenye jarida lingine, akafufuka kwenye lingine tena, na hakuna anayewaeleza chochote, wanafunga na hawarudi.

Angalia hii ishu ya namba 1, yaani toleo la kwanza la jarida. Ukikuta Amazing Spider-Man imeandikwa namba 1 unajua umepata mwanzo, kumbe hilo jarida limeanza kuhesabu upya 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025, ukiachana na ile ya kwanza kabisa ya 1963, kwaiyo namba 1 zipo saba na sita kati ya hizo zinakukuta katikati ya maisha ya Peter Parker, ambaye ndo Spider-Man mwenyewe. Dogo wa form two atajuaje? Kabla hujalipa fungua kurasa za mwanzo, kuna maandishi madogo yanataja majarida yaliyokusanywa humo. Likiwa jarida moja na namba zinafuatana, chukua. Ukiona majina manne matano yamechanganywa na namba zinarukaruka, rudisha.

Nafasi ya kwanza ni stori nzima kwenye kitabu kimoja. All-Star Superman ya mwandishi Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely ni matoleo 12 basi, na Superman alikotokea wamekueleza kukaisha ukurasa wa kwanza tu kwa picha nne na maneno machache mno, hamna kingine unachotakiwa ujue. Ya pili hapohapo ni Batman: Year One ya 1987, Frank Miller na David Mazzucchelli. Ndani wataandika Batman 404 mpaka 407, usiogope hizo namba, ni sura nne zinazojitegemea, polisi Gordon anaingia mji wa Gotham kwa treni na Bruce Wayne, ndo Batman mwenyewe, anaingia kwa ndege siku hiyohiyo, unaanza nao sawa. Hii ni ya form three kwenda juu, ina mambo ya kikubwa.

Nafasi ya pili Invincible. Ni matoleo 144 kuanzia 2003 mpaka 2018, mwandishi ni yuleyule Robert Kirkman mwanzo mwisho, na zimekusanywa kwenye vitabu vitatu vinene. Ndo dawa ya mtu anayetaka stori ndefu bila kuchanganywa. Bei imesimama kweli, na ina damu nyingi mno, mtoto wa primary usimpe kabisa.

Ya tatu ni Ms. Marvel ya 2014, Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City ambaye wazazi wake wametoka Pakistani, mwandishi G. Willow Wilson. Kwa binti wa sekondari mi ningeanza na hii kabla ya zote, kugombana na wazazi kuhusu kutoka usiku analielewa bila kufundishwa. Imeshuka mpaka hapa kwa sababu moja, mwishoni mwa 2015 wakaianzisha namba 1 nyingine alafu ikavutwa kwenye Civil War II, stori ya watu wengine. Nunua zile za mwanzo.

Maduka ya Arusha yana chache, mara nyingi utaagiza Dar na mzigo unaufuata stendi, kwaiyo ukikosea kurudisha ni kazi.

Ya nne, apu ya kulipia kwa mwezi. Inafaa ukishajua unachokitafuta, mgeni anazama mle. Ya tano, mtumba wa barabarani na rafu za hosteli za wapanda mlima Moshi, wageni wanaacha vitabu pale. Bei nzuri ila unakuta kipande cha tatu hakina wenzake, pima kwa yale maandishi madogo.

Ya mwisho kabisa ni zile stori za kukutanisha mashujaa wote. Civil War ya 2006 kitabu chake kikuu ni matoleo 7 tu lakini vipande vyake vimetawanywa kwenye majarida kibao. Spider-Man anavua kinyago mbele ya kamera, unataka kujua nyumbani kwake itakuaje, hiyo ipo kwenye jarida lake mwenyewe, sio humu. Alafu 2007 wakaja na One More Day, mkataba na Mephisto, shetani, ili Aunt May, shangazi aliyemlea Peter, asife, na ndoa ya Peter na Mary Jane ya tangu 1987 ikafutwa kana kwamba haikuwepo. Msomaji aliyewafuata miaka 20 kanyang'anywa kila alichokinunua, na mi nawaelewa kabisa walioacha pale. Kama bado unaitaka Civil War chukua kitabu chenye namba 1 mpaka 7 peke yake, vya pembeni viache dukani.