Jiwe la Rosetta: safari hii nililipia mwongozaji

Nimeishi Uingereza miaka sita. Kila nilipoingia British Museum nililitazama Jiwe la Rosetta juu juu, nikapiga picha, nikaondoka. Kiingilio ni bure, kwa hiyo kulipa mtu anitembeze niliona ni kutupa hela. Mwezi uliopita nilipata mgeni kutoka Lamu, binti wa mjomba wangu, mwenye hamu kubwa ya kuliona. Nikalipia ziara ya saa mbili, vyumba vya Misri tu.

Mama aliyetuongoza hakuanza na Champollion, yule Mfaransa aliyefumbua maandishi ya jiwe hili, na mwaka 1822. Alianza na kodi. Mimi nilikuwa nalijua jiwe hili kama ufunguo wa kusomea maandishi ya Misri ya kale, basi. Kumbe kazi hiyo lilipewa baada ya miaka 2,000. Waliolichonga walikuwa na yao. Ni azimio la makuhani waliokusanyika Memphis, mji wa kale wa Misri, mwaka 196 KK, wakati wa kutawazwa Ptolemy wa Tano, mfalme wa Misri wa ukoo wenye asili ya Kigiriki, kijana wa miaka 13, huku sehemu ya nchi ikiwa imeasi. Mfalme alisamehe madeni, akapunguza kodi ya vitambaa vya kitani vya mahekalu, akawaondolea makuhani safari ya kila mwaka ya kwenda Alexandria. Makuhani nao wakaahidi sanamu yake katika kila hekalu, na siku yake ya kuzaliwa ifanywe sikukuu. Nipe nikupe, ikachongwa kwenye jiwe gumu asije mtu kesho akaikana! Azimio lenyewe linaagiza nakala ziwekwe mahekaluni kote, kwa hiyo hili halikuwa peke yake.

Azimio hilo limechongwa kwa maandishi ya aina tatu, na hapo mgeni wangu alielewa kabla yangu. Hieroglifu, yale maandishi ya picha, na demotiki, mwandiko wa haraka, ni Kimisri kilekile: ya kwanza kwa mambo matakatifu, ya pili kwa shughuli za kila siku. Kigiriki ndiyo lugha ya watawala. "Kama barua za bibi," akasema. Bibi yetu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, sisi tunakiandika kwa hizi.

Ukienda, usisimame mbele tu kwenye msongamano. Zunguka ubavuni. Kuna maneno ya Kiingereza yaliyopakwa rangi, yakisema jiwe lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801. Wafaransa waliliokota mwaka 1799 wakitengeneza ngome karibu na Rashid, mji ambao Wazungu waliuita Rosetta, Waingereza wakalichukua baada ya kuwashinda. Katika mabishano yote hayo, Wamisri hawakuulizwa. Niliposoma pale moyo uliniuma, na ninaunga mkono wanaodai lirudishwe.

Nimeipa kampuni ya ziara nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeitoa kwa sababu vifaa vya kusikilizia tulivyopewa na kampuni ya ziara vilikatika mara kwa mara, na sehemu ya namna Champollion alivyofanya kazi ilitupita nusu.

Jiwe halisi liko chumba namba 4, ndani ya kioo. Msiondoke bila kupita chumba namba 1, kwenye nakala inayoruhusiwa kuguswa. Hapo ndipo tulipokaa zaidi. Dada yangu aliutafuta ule mviringo unaozunguka jina la Ptolemy, akaufuatisha kwa kidole alama moja moja, mpaka watoto wa shule waliokuwa nyuma yetu wakaomba nafasi.