Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, ofisi ya kata: nyota nne

Siku hiyo sikufungua meza yangu ya viazi pale Mwanjelwa. Nilijiandaa kwa vita. Soko zima linawajua watumishi wa serikali: wanaingia saa nne, wanakunywa chai, wanakula kodi yetu, halafu "njoo kesho". Nikafunga na elfu kumi kwenye pindo la khanga, ya kulainisha mambo.

Ofisini (kata siitaji) nilikuta dada mmoja, watu kumi na mmoja, na benchi la kukalia watu wanne. Kiyoyozi hakuna. Chai ipo, kweli, kwenye chupa aliyotoka nayo kwake, na mpaka naondoka sikumwona akiifungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akasoma tangazo la kizazi, ile karatasi ya kituo cha afya ya kuonyesha mtoto amezaliwa, akasoma kadi ya kliniki. Jina la baba huku lina "y", kule lina "i". Akanirudisha kituo cha afya likarekebishwe. Nilinuna, nikasema moyoni, haya, ndiyo hiyo "njoo kesho" yenyewe. Kumbe kosa lingebaki kwenye cheti, mtoto angehangaika nalo mpaka uzeeni.

Niliporudi saa nane aliandika cheti kwa mkono, taratibu, kama mtu aliye kwenye mtihani, kisha akatuma taarifa kwa simu. Utaratibu huu ulianza hapa Mbeya mwaka 2013, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Mimi nikafungua pindo.

"Mama, hii hailipiwi. Ila kama una kalamu nyeusi naomba uniachie, yangu inaishia, na kalamu tunanunua wenyewe."

Sisemi hakuna ufujaji. Mwaka 2017 walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilipofutwa, bilioni 4 zilienda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Bilioni 4 za gwaride na vinywaji! Ila hizo hazikupita kwenye meza ya dada huyu, na sisi hasira zote tunammalizia yeye kwa kuwa ndiye anayefikika.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya benchi. Ukienda, wahi kabla ya saa mbili, linganisha majina kwenye karatasi zako ukiwa bado nyumbani, na beba kalamu nyeusi. Mbili, ukiweza.