OCRE: sarafu za Roma bure, na kazi ya John Kent iliyo ndani yake

Wapenzi wa historia ya Roma, hasa ile ya mwishomwisho, ijaribuni OCRE (Online Coins of the Roman Empire) jamani. Ni saiti ya American Numismatic Society ya New York, hulipii chochote, na ina aina zaidi ya 40,000 za sarafu, kuanzia Kaisari Augusto mpaka kifo cha Kaisari Zeno mwaka 491.

Mimi naitumia zaidi kwa zile za shaba za karne ya nne, ndogo, zimelika, sura ya kaisari unaikisia tu. Kuna sehemu ya kutambua sarafu, unachagua madini, unachagua sura, unaandika herufi chache unazoziona, inakuletea zinazokaribiana. Chukua ile ya Kaisari Constantius wa Pili, askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, imeandikwa FEL TEMP REPARATIO, maneno yaliyoanza kutumika mwaka 348. Ukiziangalia harakaharaka zote ni moja, ila shuka mpaka chini ya miguu ya askari utakuta herufi za kiwanda kilichoitengeneza. ALE ni Aleksandria, hiyo rahisi. Shida iko kwenye CON, ikiwa CONS halafu herufi moja ikafuata nyuma hiyo ni Constantinople, lakini ikiwa PCON, yaani herufi imetangulia mbele, hiyo ni Arles kule Ufaransa, mji uliopewa jina la Constantina. Huku mashariki, huku magharibi!

Sasa aliyekaa akazipanga hizi ni John Kent. Aliingia British Museum 1953, akapanda mpaka kuwa mkuu wa idara ya sarafu 1983 hadi 1990. OCRE imejengwa juu ya vitabu vya Roman Imperial Coinage, vinavyoorodhesha sarafu za dola ya Roma, na juzuu ya nane, ya miaka ya 337 mpaka 364, ni yake, ilitoka 1981, ile ya miaka ya 395 mpaka 491 pia ni yake, ilitoka 1994 akiwa ameshastaafu. Mtu kajitolea maisha yake kwa vishaba ambavyo wengi waliona havina thamani, kwa kweli namheshimu sana.

Natoa nyota nne. Moja naikata kwa sababu saiti inakupa maelezo mafupi ya sarafu tu, zile sababu ambazo Kent anazieleza vizuri mwanzoni mwa juzuu, kwa nini toleo hili la sarafu litangulie lile, humo hazimo, na aina nyingi hazina picha. Ukipata maktaba yenye juzuu ya nane isome sambamba, na kama ndo unaanza chagua kiwanda kimoja kwanza, Aleksandria inafaa.